Kuwasha sanaa ya taa pwani ya Bagamoyo kwa sola na betri: mwongozo kamili

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni ukubwa wa betri. Ni swali zuri, ila limewahi. Kabla ya kugusa bei ya betri au paneli, nenda usiku mahali pale pale kazi yako itakaposimama, ukae dakika 20 mpaka macho yazoee, kisha uangalie giza lilivyo. Sehemu nyingi za ufukwe wa Bagamoyo, na hata baadhi ya vichochoro vya Mji Mkongwe, bado zina giza la kutosha. Penye giza la namna hiyo mwanga mdogo hutosha, na mwanga mdogo ndio utakaoamua gharama ya vingine vyote: betri, paneli, unene wa waya, hata uzito utakaoubeba begani kufika mchangani.

Nimeandika haya kwa ajili ya msanii, mwanafunzi au fundi anayetaka kazi yake iwake nje bila jenereta inayonguruma karibu na ngoma. Mji huu una wasanii wengi wa jukwaa na wa mikono. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ipo hapa, na tamasha lake la sanaa na utamaduni lilianza mwaka 1982. Sanaa ya taa ina nafasi yake katikati ya yote hayo, na haihitaji mtaji mkubwa kama wengi wanavyodhani.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho: umbo la tanga la jahazi, pembe tatu, limesimamishwa juu ya mchanga kwa fremu ya mianzi. Upande wa foramali, yaani mti unaobeba tanga, ni mita 5, upande wa nyuma mita 4, wa chini mita 3. Jumla mita 12 za taa za mkanda. Tunataka liwake kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5, yaani saa 4 kila usiku.

Hesabu, na kwa nini mwanga ushushwe kwanza

Chukua mkanda wa rangi wa volti 12 wenye chipu za WS2811, zile zinazobadilisha rangi na mwangaza, na taa 30 kwa kila mita. Ukiwaka mweupe kwa nguvu zote unakula takriban wati 7.2 kwa mita. Mita 12 ni wati 86 hivi. Hiyo ndiyo namba ambayo muuzaji atakupigia hesabu nayo, na ndiyo inayowakatisha watu tamaa.

Lakini tanga lako halina sababu ya kuwaka jeupe kwa nguvu zote. Ukitumia rangi badala ya nyeupe, sehemu tu ya taa ndogo zilizo ndani ya kila balbu ndizo zinazofanya kazi. Ukishusha mwangaza, jicho halioni upungufu kwa kiasi kile kile ambacho umeme umepungua. Ukikata nguvu nusu, mtazamaji huona mwanga umefifia kidogo tu. Gizani, mkanda huu kwenye asilimia 20 unaonekana kutoka mbali sana. Na mwanga unaotembea polepole, unaopanda na kushuka kama upepo unaoingia kwenye tanga, una muda mrefu ambao sehemu kubwa imezima. Kwa mchoro wa namna hiyo, wastani wa wati 15 ni makadirio ya haki. Ongeza wati 1 ya kifaa kinachoendesha taa. Jumla 16.

Wati 16 kwa saa 4 ni wati-saa 64. Kuna upotevu kwenye nyaya, kontrola (kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli, betri na taa) na vibadilisha volti, kwa hiyo gawanya kwa 0.85: unapata wati-saa 75 kwa usiku mmoja.

Sasa mawingu. Pwani yetu ina masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Panga betri iweze kuhimili usiku 3 bila jua la maana: 75 mara 3 ni 225. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye volti 12.8 na ampia-saa 20 hubeba wati-saa 256. Ukitumia asilimia 85 tu ili idumu, una 218. Imepungua kidogo tu, karibu imefika. Ukiamua kutumia betri ya jeli ya risasi, usiishushe chini ya nusu, hivyo unahitaji wati-saa 450, yaani betri ya ampia-saa 40 hivi.

Paneli: jua la Bagamoyo, likikusanywa na kuhesabiwa kama saa za jua kali la mchana, hesabu saa 4 kwa siku ili uwe salama hata nyakati mbaya. 75 gawanya kwa 4 ni wati 19. Paneli iliyopashwa joto, yenye vumbi, iliyofungwa kwenye kontrola ya bei rahisi haitoi kile kilichoandikwa mgongoni. Gawanya tena kwa 0.65, unapata 29. Kisha zidisha mara mbili, kwa sababu baada ya siku za mawingu paneli ina kazi mbili: kulisha usiku unaokuja na kujaza pengo lililobaki nyuma. Nunua ya wati 60.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa tanga jeupe la nguvu zote. Utajikuta kwenye betri ya lithiamu ya zaidi ya ampia-saa 110 na paneli za wati 300 na ushee. Umbo ni lile lile, mchanga ni ule ule. Tofauti yote imetoka kwenye uamuzi wa mwangaza, na uamuzi huo ni wa msanii kabla ya kuwa wa fundi.

Taa zipi

Kama kazi yako haihitaji rangi zinazobadilika, tafadhali usinunue mkanda wa chipu. Mkanda wa kawaida wa rangi moja, wa volti 12, hauna programu ya kuharibika, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kuutengeneza. Kwa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyeupe yenye unjano, ile inayoandikwa 2700K au 3000K, inapendeza kuliko nyeupe ya buluu inayofanya ukuta wa kale uonekane kama duka la simu. Tena wadudu hawavutwi sana na mwanga wa njano kama wanavyovutwa na wa buluu, na usiku wa vuli utashukuru.

Kwa mwanga unaotembea, WS2811 ya volti 12 inafaa nje kuliko WS2812B ya volti 5. Sababu ni nyaya, na tutaiona mbele. Fahamu tu kwamba kwenye WS2811 ya volti 12 kwa kawaida taa 3 hubadilika pamoja kama moja, kwa hiyo michoro yake ni mikubwa, si ya vidoa vidogo vidogo. Kwa tanga la mita 12 linalotazamwa kwa mbali, hilo halina madhara yoyote.

Wa kuendesha taa ni kibao kidogo cha ESP32 chenye programu ya bure ya WLED, inayoongozwa kwa simu. Jambo la kwanza kufanya ndani ya WLED, kabla hata ya kuchagua rangi, ni kuweka kikomo cha umeme. Kwa mfano wetu weka ampia 3. Hapo hata mtu akigusa simu na kuchagua nyeupe ya juu kabisa, programu itashusha mwangaza yenyewe badala ya kumaliza betri yako kabla ya saa 5.

Kuna jambo ambalo wauza taa hawalisemi. Chipu hizi hula umeme hata zikiwa nyeusi. Kwenye WS2812B ni karibu miliampia 1 kwa kila taa; taa 300 ni wati 1.5 mchana kutwa, bila mtu kuona chochote. Kwa hiyo usizime kwa kuchagua rangi nyeusi. Kata umeme wenyewe, kwa relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) au kwa njia ya taa ya kontrola yako.

Betri

Msimamo wangu uko wazi: kwa kazi inayobebwa, LiFePO4. Betri ya ampia-saa 20 ina uzito wa kilo 2.5 hivi, haimwagi asidi, na huvumilia kujazwa na kumalizwa mara 2,000 na zaidi. Ya risasi iliyofungwa inakupa mara mia kadhaa tu ukiifikisha nusu kila usiku, na joto letu linaila: kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Faida ya risasi ni bei ya kununulia na kwamba inapatikana popote. Kama kazi inakaa uani kwako mwaka mzima na huna haraka ya kuibeba, inaweza kufaa.

Hakikisha betri ya lithiamu ina saketi ya ulinzi ndani, ile mafundi wanayoiita BMS. Usijenge ya kwako kwa seli za kompyuta za zamani kama hujafundishwa. Zile ni za aina nyingine ya lithiamu, na zikipasuka zinawaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Na ukiwa Kariakoo unatafuta, kumbuka kipimo hiki: seli ya duara ya 18650, hata iliyo nzuri, kwa kawaida huishia karibu miliampia-saa 3,500. Iliyoandikwa 9,900 inadanganya, irudishe mezani. Kwa betri kubwa, pima uzito. Boksi linalodai ampia-saa 20 za LiFePO4 likiwa na uzito wa kilo 1 halina kitu ndani.

Paneli na kontrola

Bagamoyo iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba linakaa upande wa kaskazini. Elekeza paneli kaskazini na uiinamishe nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo hauongezi umeme mwingi, ila unafanya mvua ioshe vumbi na chumvi. Ukiilaza bapa, chumvi itatulia pale.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko mwelekeo. Kuti moja la mnazi likipita juu ya kona ya paneli linaweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme, maana seli zimefungwa mfululizo na iliyofunikwa inazizuia nyingine. Simama hapo saa 4 asubuhi, saa 6 na saa 9 alasiri uangalie vivuli vinavyotembea.

Kontrola ya PWM, ile ya kawaida ya bei nafuu, inatosha kwa paneli ya wati 60 yenye seli 36, ile inayofanya kazi kwenye volti 18 hivi. Ya MPPT, inayovuna umeme zaidi kutoka kwenye paneli, ni bora lakini kwa ukubwa huu tofauti ya bei ni afadhali uiweke kwenye nyaya nzuri. Chagua inayokubali LiFePO4 na ijaze hadi volti 14.4 hivi, isiwe na ile chaji ya kusawazisha ya betri za risasi inayopanda juu ya hapo. Nyingi zina saa ndani yake: paneli ikikosa jua kontrola inajua ni magharibi na inawasha taa kwa idadi ya saa ulizoweka. Kwetu machweo hayahamihami sana mwaka mzima, hivyo mpangilio huo unaaminika.

Angalizo moja la hatari. Kontrola nyingi ndogo hukata taa kwa kufungua waya hasi, huku chanya zote zikiwa zimeungana ndani. Ukiunganisha hasi ya taa na hasi ya betri kwa njia nyingine, kwa mfano kupitia fremu ya chuma, taa hazitazima kamwe na ulinzi wa betri unakuwa umepitwa. Hasi ya taa irudi kwenye kontrola peke yake.

Na kama onyesho ni la usiku mbili au tatu tu, acha paneli nyumbani. Jaza betri mchana juu ya bati la kwako, ibebe jioni. Paneli iliyoachwa ufukweni usiku inahitaji mlinzi, na mlinzi ni gharama kuliko betri ya pili.

Nyaya na fyuzi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo twende taratibu.

Waya hupoteza volti kadiri unavyokuwa mrefu na mwembamba. Kwa shaba, chukua 0.0175, zidisha kwa urefu wa kwenda na kurudi kwa mita, gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba; unapata omu. Zidisha kwa ampia. Mfano wetu: boksi liko mita 6 kutoka kwenye tanga, waya wa 1.5, ampia 3. Mita 12 mara 0.0175 gawanya kwa 1.5 ni omu 0.14, mara 3 ni volti 0.42. Kwenye volti 12 hiyo ni asilimia 3.5, inavumilika. Kwenye mfumo wa volti 5 upotevu huo huo ni zaidi ya asilimia 8, na mkanda wenye nguvu ile ile ungevuta ampia zaidi ya mara mbili, hivyo hali ingekuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana nikasema volti 12.

Mkanda wenyewe nao ni waya, tena mwembamba sana. Usiulishe upande mmoja tu. Lisha kila mita 5 kwa waya wake, la sivyo mwisho wa tanga utageuka mwekundu huku mwanzo ukiwa mweupe, kwa kuwa taa za buluu na kijani huishiwa volti kabla ya nyekundu. Ukiona wekundu unaotambaa kuelekea mwisho, tatizo ni volti na si programu.

Fyuzi inakaa karibu na nguzo chanya ya betri, si zaidi ya kiganja kimoja. Ikikaa kwenye taa, waya wote ulio katikati hauna ulinzi, na betri ya lithiamu ikigusana nyaya hutoa umeme wa kutosha kuyeyusha waya na kuwasha makuti. Kwa kikomo cha ampia 3, fyuzi ya ampia 5.

Waya wa ishara kutoka ESP32 kwenda kwenye taa uwe mfupi. ESP32 hutoa volti 3.3 na chipu za taa zinasubiri 5. Kwa nusu mita mara nyingi inakubali, zaidi ya hapo taa huanza kumeta hovyo. Dawa ni chipu ya 74AHCT125 inayoinua ishara, pamoja na rezista ya omu 330 hadi 470 kwenye waya huo. Hasi ya ESP32 na hasi ya mkanda ziungane, vinginevyo ishara haina pa kurudi. Weka pia kapasita ya maikrofaradi 1000, iwe ya volti 25, pale umeme unapoingia kwenye mkanda.

Jambo jingine kuhusu volti: betri inayochajiwa mchana hufika 14.4. Mkanda wa kawaida wa volti 12 ukiuwasha wakati huo unavuta umeme mwingi kuliko uliopangiwa na unaungua taratibu. Hata usiku, kwenye 13.3, mkanda huo hula karibu nusu zaidi ya ilivyoandikwa. Kama kazi ni ya kudumu, weka kibadilisha volti kinachoshikilia 12 kamili.

Mpangilio wa kuunganisha:

1. Fyuzi ishike mkononi, isiwe kwenye kishikio chake. Funika paneli kwa turubai.
2. Unganisha betri na kontrola, hakikisha chanya na hasi kwa kipima volti, kisha weka fyuzi.
3. Chagua aina ya betri kwenye kontrola.
4. Unganisha paneli, ondoa turubai.
5. Mwisho unganisha taa.

Kufungua ni kinyume chake. Paneli isibaki imeunganishwa kwenye kontrola isiyo na betri.

Chumvi

Upepo wa bahari unaingia pasipoingia maji. Shaba tupu hugeuka kijani, kisha unga. Tafuta waya wenye shaba iliyopakwa bati kwa ndani, unaonekana mweupe ukiukata. Kila kiungo kichomewe risasi, kipakwe grisi ya silikoni, kivalishwe mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani. Utepe mweusi wa umeme peke yake joto litaubandua. Nguzo za betri zipake Vaseline.

Mkanda wenye alama ya IP65 unavumilia manyunyu. Karibu na mawimbi chukua IP67. Lakini ukiukata, ulinzi umeisha pale ulipokata mpaka uzibe kwa silikoni. Nyaya ziingie kwenye boksi kutoka chini, zikiwa zimelegea na kuning'inia kidogo ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika kwenye tundu. Toboa kitundu kidogo sakafuni mwa boksi. Watu hushangaa, lakini boksi lililozibwa kabisa huhema kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na unyevu ulioingia hauna pa kutokea.

Mahali penyewe

Majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Usitoboe ukuta, usigongelee msumari kwenye chokaa, hata kama mwenye nyumba amekubali. Simamisha fremu yenye uzito wake chini, mifuko ya mchanga inatosha, na upate ruhusa ya wahusika wa mambo ya kale na ya halmashauri kabla ya kubeba kitu.

Ufukweni, angalia kalenda ya mwezi. Mwezi ukiandama giza ni zito, ila ndiyo siku za bamvua. Kwa pwani hii bamvua hujaa saa 10 jioni au karibu na hapo, kisha maji hutoka usiku, na watazamaji wako watakuwa na mchanga mpana wa kusimama. Yatarudi kabla ya alfajiri. Kwa hiyo boksi la betri liwe juu ya mstari wa majani ya bahari yaliyoachwa na bamvua iliyopita, si juu ya mstari wa maji unaouona jioni. Waulize wavuvi, watakuonyesha kwa kidole. Kusi ikivuma, tanga la kitambaa litabeba fremu yako, hivyo acha pembe tatu iwe wazi katikati.

Na kasa. Wanataga kwenye baadhi ya fukwe za ukanda huu, zikiwemo za Saadani. Kasa mchanga akitoka yaini hufuata mwanga akidhani ni bahari. Kama ufukwe wako una viota, usiwashe kabisa. Penye shaka, tumia nyekundu au kaharabu, elekeza taa upande wa nchi kavu, na zima saa 5 kama ulivyopanga.

Kabla na baada

Kabla ya siku yenyewe, washa kazi nzima nyumbani kwa saa zote 4, ukiwa na mita ya wati kati ya kontrola na taa. Ikikuonyesha wati-saa 64 au chini, hesabu yako imesimama. Ikikuonyesha 120, shusha mwangaza au badilisha mchoro, usikimbilie duka. Kisha mwagia viungo maji ya bomba na uwashe tena.

Onyesho likiisha, osha mikanda kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, itundike kivulini, usiikunje kwa kubana. Betri ya LiFePO4 ihifadhi ikiwa na chaji nusu hivi, mahali pasipo na joto, na fyuzi imetolewa. Ya risasi ijaze kabisa, na uijaze tena kila baada ya miezi 2 au 3.